Kisu cha mfukoni Kasongo: unalipia chuma au jina?

*Visu vya kukunja vya dola mia na zaidi vinasifiwa kwa chuma kisichochoka. Kusini mwa Maniema, penye tope, mawese na barieri, sifa hizo zinapimwa upya.*

Mvua imekatika sasa hivi na barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare ni utelezi mtupu. Msukuma baiskeli amepakia magunia ya mchele. Mkono mmoja unaongoza usukani kwa kijiti kilichofungwa ubavuni, wa pili umeshika fimbo iliyosimama nyuma ya kiti. Ghafla utepe wa mpira uliobana gunia la juu unakatika.

Akiiachia baiskeli, mchele wote uko topeni. Analiegemea gunia kwa nyonga, anazamisha mkono mfukoni, anatoa kisu cha kukunja na kukifungua kwa meno. Anaanza kuchana mpira wa ndani wa tairi kuukuu ili apate utepe mwingine. Kazi ikiwa katikati, bapa linalegea, linajikunja lenyewe na kumkata kidole cha shahada.

Kidole kinafungwa kitambaa, mzigo unafungwa upya, safari inaendelea. Kisu kile kilinunuliwa sokoni kwa fedha kidogo, na kikivunjika kitatafutwa kingine cha bei ileile.

Dawati letu liliniagiza swali moja: mtu wa huku ana sababu gani ya kulipa dola 100, 200 au zaidi kwa kisu cha kukaa mfukoni kila siku? Sababu ipo. Ila si ile wanayoitangaza wauzaji, na si ya kila mtu.

Vitu vya bei si vigeni hapa

Kasongo haijaanza leo kupokea bidhaa ghali kutoka mbali. Katika karne ya 19 misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji ilipita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Majeshi ya Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, yalipoiteka Kasongo ya Sefu bin Hamed, mwana wa mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, mwezi Aprili 1893, daktari Mwingereza aliyekuwa nao, Sidney Hinde, alishangaa kukuta magodoro ya hariri na vyombo vya kunywea vya kioo na fedha. Hayo aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1897.

Siku hizi fedha za anasa ndogo ndogo zinatoka kwenye dhahabu. Huko Namoya, karibu na Salamabila katika wilaya ya Kabambare, kampuni ya Banro ya Kanada ilitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, kisha mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu za usalama. Wachimbaji wadogo na wanunuzi wa dhahabu walikuwapo kabla ya kampuni, na waliendelea kuwapo. Ongeza ndugu walioko Ubelgiji, Ufaransa na Uingereza, wanaopenda kumtumia mjomba zawadi ya kuonyesha watu, nawe utaelewa kisu cha dola 200 kinavyoweza kufika mahali ambapo barabara yenyewe inafika kwa shida.

Okapi, mnyama wa Kongo, kisu cha Solingen

Kabla ya kuzungumzia dola 200, tuanze na visu vya kawaida vinavyoheshimika.

Kimoja kimebeba jina letu. Okapi, yule mnyama wa misitu ya Ituri asiyeishi porini katika nchi nyingine yoyote, aliingizwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1901. Mwaka uliofuata, 1902, kampuni ya Solingen, Ujerumani, ilianza kutengeneza visu kwa jina hilo ili viuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Bapa ni la chuma cha kaboni, mpini ni wa mti wenye mapambo ya nyota na mwezi, na mgongoni kuna pete: ukiivuta, springi inanyanyuka na bapa linakubali kukunjwa. Ni kisu cha mkulima. Bahati mbaya, huko Afrika Kusini jina lake limechafuliwa na ugomvi wa mitaani.

Cha pili ni Opinel cha Savoie, Ufaransa, kilichobuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890. Kina mpini wa mti na, tangu mwaka 1955, pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisijikunje. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, huko Ulaya haizidi sana euro 20.

Cha tatu ni Victorinox cha Uswisi, kilichoasisiwa na Karl Elsener, aliyeanza kuwauzia askari wa nchi yake visu mwaka 1891. Hiki hakina komeo, springi tu ndiyo inayolishikilia bapa. Lakini kina kifungulio cha makopo, bisibisi na kekee ndogo, na mafundi wengi hupenda hivyo vidude kuliko bapa lenyewe.

Dola mia zinakwenda wapi?

Juu ya hivyo vitatu kuna tabaka jingine. Spyderco wa Marekani wana Para Military 2, iliyotoka mwaka 2010, ambayo bei yake hucheza karibu na dola 200. Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani mwaka 1989, ndiye aliyetoa Sebenza, kisu chenye mpini wa titani ambacho leo kinapita dola 400. Kwa watu wanaokusanya visu, Sebenza ndiyo kipimo cha vingine vyote.

Fedha hizo zinakwenda sehemu tatu. Ya kwanza ni chuma cha bapa. Ya pili ni namna chuma hicho kilivyoivishwa: kilipashwa moto kiasi gani, kikazimwa vipi, kikapashwa tena kwa muda gani. Ya tatu ni bawaba na komeo, yaani jinsi bapa linavyozunguka bila kuyumba na kushikwa bila kuachia.

Wauzaji hupiga kelele juu ya ile ya kwanza, kwa sababu jina la chuma linaandikika kwenye bapa. Kwa maoni yangu, mtu wa Kasongo anapaswa kulipia ya pili na ya tatu. Yule msukuma baiskeli hakukatwa na chuma duni. Alikatwa na komeo lililoachia.

> Yule msukuma baiskeli hakukatwa na chuma duni. Alikatwa na komeo lililoachia.

Jiwe la mtoni na chuma cha maabara

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Chuma kilichotawala visu ghali vya Marekani kwa zaidi ya miaka 20 kinaitwa S30V. Kilitengenezwa kwa ajili ya visu hasa, na Chris Reeve mwenyewe alishirikishwa. Kina kaboni karibu asilimia 1.45, kromiamu asilimia 14 na vanadiamu asilimia 4. Hiyo vanadiamu hushikana na kaboni na kufanya chembe ndogo sana, ngumu kupita kiasi, zilizotapakaa ndani ya bapa. Chembe hizo ndizo zinazofanya makali yadumu. Unaweza kukata makatoni, kamba na mpira wiki nzima na kisu bado kinakata.

Tatizo linaanza siku makali yanapokwisha. Mtu wa Kabambare ananoa kisu kwenye jiwe: jiwe la mtoni, ukingo wa ngazi ya saruji, sehemu isiyopakwa rangi chini ya bakuli la udongo. Kinachonoa katika jiwe la mtoni ni punje za kwazi, yaani mchanga. Punje hizo zinatosha kabisa kula chuma cha kaboni cha Okapi au Opinel. Kwa S30V zinakula chuma laini kinachozunguka zile chembe za vanadiamu, lakini chembe zenyewe zinazishinda. Unasugua nusu saa, bapa linang'aa, na bado halikati.

Dawa yake ni bamba la almasi, ambalo punje zake zinaishinda vanadiamu. Nchi hii imechimba almasi za viwandani huko Mbuji-Mayi tangu enzi za Wabelgiji, na bado bamba la kunolea litatoka ng'ambo. Ukinunua kisu cha S30V bila bamba hilo, umenunua kisu cha kutumia mara moja, ingawa hiyo mara moja itakuwa ndefu.

Kwa hiyo, anayetaka kisu kizuri cha huku asitafute chuma kigumu kuliko vyote. Atafute chuma kisichoshika kutu upesi na kinachokubali jiwe. Kuna chuma cha Sweden kiitwacho 14C28N, kinachotumika katika visu vingi vya bei ya kati: kinakataa kutu, kinapata makali membamba, na dakika chache za jiwe zinatosha. Chuma cha Victorinox ni laini zaidi, karibu 56 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell. Makali yake hayakai sana, lakini hata kitako cha kikombe cha kauri kinayarudisha.

Jihadhari na bapa lililoandikwa "440" peke yake. Kuna 440A na kuna 440C, na ya pili ina kaboni nyingi zaidi. Asiyeandika herufi ana sababu zake.

Kutu, mti na mawese

Mabishano ya chuma cha kaboni dhidi ya chuma kisichoshika kutu hayana mwisho, na kila upande una haki yake. Cha kaboni kinanoleka haraka na kinauma vizuri kwenye kamba na mpira. Lakini ukikata chungwa au nanasi na kukifunga bila kufuta, kesho yake kina madoa meusi, na ukikiacha kwenye mfuko wenye jasho wakati wa masika kinaanza kula kutu. Chuma kinahesabiwa kuwa hakishiki kutu kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Hata hicho kinaweza kushika, ila kinachelewa.

Opinel ina ugonjwa mwingine ambao wanaotoka nchi kavu hawaufikirii. Mpini wake ni mti mtupu, na mti ukilowa unavimba. Ukivimba, unalibana bapa. Savoie kwenyewe wanajua hila yake: unagonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, bapa linachomoza kidogo, unalivuta kwa kucha. Huku, ambako miezi mingi ya mwaka ni ya mvua, utagonga sana. Wengine husugua mti kidogo kwa msasa ndani ya mwanya na kuupaka mafuta ya kitani kabla ya msimu.

Lakini usipake mawese. Najua yako jikoni, hayana gharama, na babu alipakia panga lake. Kwenye panga hakuna neno. Kwenye bawaba ya kisu cha kukunja mawese yanaganda asubuhi ya baridi, yanashika vumbi, yanachacha, na mwisho yanageuka gundi. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha kwa wiki kadhaa.

Ndani ya hiyo bawaba kuna jambo jingine la kuangalia. Visu vingi vipya vya bei ya juu vinazungukia kwenye beringi za gololi ndogo, ili bapa liruke kwa kidole kimoja. Dukani inapendeza. Kwenye vumbi la kiangazi na tope la masika, kila kinachoingia kati ya gololi kinakaa humo. Vile vya zamani kidogo, vyenye washa bapa za shaba, haviruki kwa mbwembwe, lakini ukivisuuza kwa maji safi na kuvikausha vinaendelea kama kawaida. Sebenza imekuwa maarufu kwa washa hizo, na ni moja ya mambo machache ambayo ningeyalipia.

Anayesema hapana

Upande wa pili wa mjadala unasimama kwa mhunzi. Kutoka pwani hadi Kongo, wahunzi wanajua kwamba springi ya gari bovu ni chuma kizuri: ina kaboni ya kutosha na imezoea kupindwa bila kuvunjika. Mhunzi anakata kipande, anakipasha moto, anakifua, anakizima kwenye mafuta, anakitia mpini wa mti, na ala ya ngozi au ya mpira. Kisu hicho hakina bawaba wala komeo. Hakiwezi kujikunja kwenye kidole.

Hoja hiyo ina nguvu, na katika kazi mbili nasimama nayo moja kwa moja.

Ya kwanza ni kuchinja. Kasongo ni mji wa Waislamu wengi tangu enzi za misafara, na mafunzo yanamtaka mchinjaji akinoe kisu vizuri ili mnyama asiteseke. Kisu cha kukunja cha sentimita 8 hakifai koo la mbuzi. Ni kifupi, na damu na mafuta yanaingia kwenye bawaba ambayo huwezi kuisafisha bila kuifungua. Hata kisu cha dola 400 kinanuka siku ya tatu.

Ya pili ni kazi ya shamba: kuchambua mihogo, kukata makuti, kupasua kuni ndogo. Anayepiga mgongo wa kisu cha kukunja kwa gogo ili kipasue mti anaiua bawaba, na hakuna kampuni itakayomsikiliza.

Kisu cha kukunja kina kazi zake: kuchana mpira na kamba, kufungua magunia, kumenya chungwa njiani, kupandikiza miche ya michungwa, kazi inayotaka makali ya wembe. Ni kazi za mtu anayetembea. Anayeshinda shambani au jikoni, dola zake zingefaa zaidi kwa mhunzi.

Barieri haisomi jina la chuma

Kuna hatari ambayo mabango ya wauzaji hayaitaji. Katika barabara za kusini mwa Maniema msafiri hukutana na barieri, yaani vizuizi, vingine vya serikali, vingine vya watu wenye silaha. Huko mkulima mwenye panga begani hupita mara nyingi bila swali, kwa sababu panga ni chombo cha shamba. Kisu cheusi chenye meno mgongoni, kinachoruka kwa kidole na kutoa mlio, kinaonekana kama kitu cha mpiganaji. Kitakugharimu maelezo, na huenda usiondoke nacho.

Ndiyo maana rangi na sura si urembo tu. Mpini wa mti au mwekundu, bapa jeupe lisilo na meno, lenye ncha isiyochongoka mno, linalofunguliwa taratibu kwa kucha au kidole gumba. Kisu cha namna hiyo kinaeleweka kabla mwenyewe hujafungua mdomo. Wapo wanaosema wanabeba kisu kwa kujilinda. Katika eneo ambalo watu wana bunduki, hilo ni kujidanganya, tena linaweza kukuponza.

> Kisu cheusi chenye meno kitakugharimu maelezo barieri, na huenda usiondoke nacho.

Anayepanda ndege Kindu akiweke kwenye mzigo wa chini, kwa sababu kwenye mkoba wa mkononi kitachukuliwa. Na ndugu wa Ulaya wajue sheria za kwao kabla ya kununua viwili, cha mjomba na cha mfuko wao. Uingereza inaruhusu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisicho na komeo tu, na bapa lisizidi inchi 3. Opinel namba 8 imekwisha vuka mstari huo mara mbili. Ujerumani inakataza kubeba ovyo kisu chenye komeo kinachofunguka kwa mkono mmoja.

Mezani kwa muuzaji

Inashangaza kuona mfanyabiashara akiinua noti yako ya dola juani, akitafuta mchaniko wa milimita mbili ili aikatae, nawe unapokea kisu chake bila hata kukifungua. Kifungue. Shika ncha ulitikise bapa kushoto na kulia. Likicheza leo, baada ya mwezi litakuwa linayumba. Ligonge mgongo taratibu kwenye ubao wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya kujikunja. Komeo likiachia kwa kugongwa hivyo, kirudishe. Kikunje uangalie kwa juu kama bapa limekaa katikati ya mpini au limelalia upande mmoja.

Majina makubwa yanaigwa sana. Sebenza ya dola 40 si Sebenza. Baadhi ya viigo hivyo vinakata vizuri, na sina ugomvi na anayekinunua kwa dola 40 akijua ni cha dola 40. Lakini maandishi ya chuma yaliyo kwenye bapa la kuiga hayana maana yoyote.

Ukiniuliza bei, ningesema hivi. Kwa dola 20 hadi 30, Opinel ya chuma kisichoshika kutu au Victorinox halisi inamtosha mwalimu, mfanyabiashara na muuguzi. Mwendesha pikipiki au msukuma mizigo, ambaye kisu ni mkono wake wa tatu, ana haki ya kufika dola 60 au 80 kwa komeo imara, washa za shaba na bapa linalofunguka kwa mkono mmoja. Kupita hapo unalipia ufundi wa kupendeza macho. Si dhambi, ila usiseme ni kwa ajili ya kazi.

Na ukipita hapo, uliza skurubu. Kampuni nyingi za bei ya juu huahidi kutengeneza kisu maisha yote, mradi ukitume kiwandani, Idaho au Colorado. Kutoka Salamabila hiyo si ahadi ya kutegemea. Skurubu zao nyingi ni za kichwa cha nyota ya pembe sita, na mtikisiko wa pikipiki unazilegeza. Okapi iliyolegea mhunzi anaipiga nyundo kwenye ribiti, nayo inakaza. Kisu cha dola 400 kikidondosha skurubu ya bawaba njiani kinakuwa vipande viwili vya titani na bapa. Nunua ufunguo wake na skurubu mbili za akiba siku hiyohiyo, uzifungie kwenye pochi pamoja na kitambulisho.